Mekatilili Alipatikanaje?

Kwa Wagiriama wa pwani ya Kenya, mwanamke akishazaa, jina alilopewa utotoni hukaa pembeni. Huanza kuitwa kwa jina la mtoto wake: Me-Katilili, yaani mama yake Katilili. Hivyo ndivyo binti aliyeitwa Mnyazi wa Menza alivyoingia katika historia ya Kenya kwa jina tunalolijua leo, Mekatilili wa Menza, kiongozi wa upinzani dhidi ya wakoloni. Wasomaji wengi hulichukulia hilo kama dokezo la utamaduni tu, kumbe kwa mtafiti ni kikwazo cha kwanza cha kazi. Mwanamume wa zama zile, karatasi za serikali kwa kawaida humfuata kwa jina lake mwenyewe. Mwanamke unamtafuta kwa jina moja ukamkosa, ukamtafuta kwa lingine ukakuta tahajia imebadilika. Cynthia Brantley, mwanahistoria ambaye kitabu chake cha 1981 kuhusu Wagiriama na ukoloni ndicho msingi wa mengi tunayoyasoma, aliliandika Mekatalili. Anayejua kwamba Mnyazi na Mekatilili ni mtu mmoja si mtunza nyaraka aliyeko Nairobi. Ni mtu wa ukoo, na yuko kijijini.

Nimechagua kesi hii kwa sababu inaonyesha hatua kwa hatua jinsi historia ya mwanamke wa mashambani inavyokusanywa, na mahali inapokwamia.

Tuanze na kilichomo kwenye karatasi. Mwaka 1912 Arthur Champion alipelekwa kwa Wagiriama akiwa ofisa msaidizi wa wilaya, kodi ya nyumba ikusanywe na vijana watolewe kwenda kufanya kazi za mikataba. Katikati ya 1913 watu walikusanyika Kaya Fungo, katika msitu wao mtakatifu, wakala viapo vya kutoshirikiana na serikali. Oktoba mwaka huo Mekatilili na mwenzake, Wanje wa Mwadorikola, walikamatwa, wakahamishiwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka, wakarudi pwani. Agosti serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Mekatilili alikamatwa tena, akarudi kwao mwaka 1919.

Soma tena orodha hiyo uone mwanamke huyu anatokea lini. Anatokea anapokamatwa, anapotoroka, anapokamatwa tena. Faili la mkoloni humwona mwanamke pale tu anapomsumbua mwenye faili. Aliwaitaje watu, alisimama wapi, nani alimpikia, nani alimficha, wanawake wa vijiji vya mbali walimwaminije mjane asiye na cheo cha serikali: hakuna ofisa aliyekuwa na haja ya kuyaandika hayo.

Hapa ndipo Brantley alipofanya jambo lililobadilisha kazi nzima. Hakuridhika na nyaraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda kuwahoji Wagiriama wenyewe, wakati bado walikuwapo watu ambao wazazi wao waliviona vita kwa macho, akaziweka simulizi kando ya ripoti na kuzipima moja kwa nyingine. Mwaka 1986 alitoa makala nyingine iliyohusu Mekatilili na nafasi ya wanawake katika upinzani ule. Kwa njia hiyo tunajua kwamba viapo vilikuwa viwili: wanaume walikula kiapo cha Fisi, wanawake wakala cha kwao, Mukushekushe. Tena tunajua kwamba Mekatilili alitumia ngoma ya kifudu kuwavuta watu. Aliporudi kutoka uhamishoni mwaka 1919, kaya ilipofunguliwa tena, Wanje aliongoza baraza la wanaume na yeye akaongoza la wanawake. Habari hii ya mwisho ni kubwa. Inamaanisha alikuwa na watu nyuma yake, na watu hao walikuwa na chombo chao.

Nikae kidogo kwenye kifudu, kwa sababu hapa pana somo la ufundi ambalo watafiti wengi hulipita. Kifudu si ngoma tu. Ni chama cha siri cha wanawake, chenye vyungu vitakatifu vinavyohusiana na uzazi, na vyungu hivyo hutunzwa na wanawake. Monica Udvardy, mwanaanthropolojia aliyekwenda Ugiriama katika miaka ya 1980 na kuwasilisha tasnifu yake Uppsala mwaka 1990, aliandika kuhusu jambo hilo. Ukiisoma ngoma ya Mekatilili ukiwa unajua vyungu vya kifudu, unaelewa kwamba hakuwa akiwatumbuiza watu ili wamsikilize. Alikuwa akipita katika njia ambazo wanawake walikuwa wamezichimba zamani, kijiji hadi kijiji, njia ambazo ofisa wa wilaya hakuweza kuziona hata kama zilipita mbele ya hema lake.

Sasa fikiria mtafiti anayefika Kilifi, kwa Wagiriama, leo. Utaratibu unamtaka aende kwa wazee wa kaya kwanza, na ni utaratibu wa haki: huingii kaya bila idhini yao, na misitu ile, iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, imesalia kwa sababu wao waliilinda. Lakini wazee hao wengi ni wanaume. Mtafiti akipokelewa vizuri, akakalishwa kwenye kigoda, akasimuliwa mchana kutwa, huondoka akidhani amemaliza. Amepata Fisi, amekosa Mukushekushe. Mzee hakumdanganya. Amemwambia yaliyo ya upande wake, na mengine si ruhusa yake kuyasema, au hakuwahi kuambiwa. Ushirikiano na wenyeji hauishii kwa kupata mwenyeji mmoja mwenye heshima. Lazima utafute mlango wa pili, na mlango huo hufunguliwa na mwanamke wa pale pale anayejua amwite nani shangazi, akae wapi, na aanze kuuliza saa ngapi kazi za shamba zikiisha.

Tarehe nazo zina njia yake. Mwanamke aliyezaliwa vijijini mwishoni mwa karne ya 19 hakuwa na cheti. Lakini Wagiriama wana rika, na wana njaa zao. Njaa ya Mwakisenge ni nguzo ya kalenda: fulani aliolewa kabla ya Mwakisenge, fulani alikuwa akinyonya wakati ule. Swali "ulizaliwa mwaka gani" huzaa ukimya. Swali "njaa ile mlikula nini" huzaa mwaka, na chakula, na jina la aliyewapa. Wanawake ndio waliokitafuta chakula hicho, kwa hiyo kumbukumbu yao hapo ni kali kuliko ya waume zao.

Kisha likaja jambo ambalo wasomi hawakulipanga. Wenyeji walianza kuifanya kazi wenyewe. Chama cha Utamaduni cha Wilaya ya Malindi, kinachojulikana kwa kifupi kama MADCA, kikaanzisha sherehe za kila Agosti za kumkumbuka Mekatilili, pamoja na ziara ya kwenda kaburini kwake Bungale. Mjini Malindi pakasimamishwa sanamu yake, na bustani ikapewa jina lake. Mwaka 2016 watafiti Neil Carrier na Celia Nyamweru walichapisha uchambuzi wa jinsi shujaa huyu anavyojengwa upya na makundi mbalimbali, kila kundi na haja yake. Kati ya masimulizi yanayomhusu, kisa cha kuku kimejulikana sana: Mekatilili anamwambia ofisa achukue kifaranga mbele ya mama yake aone atakavyodonolewa, kisha anasema ndivyo mtakavyofanywa mkichukua watoto wetu. Mwanahistoria wa nyaraka atauliza ushahidi uko wapi. Mimi nasema kisa hicho ni ushahidi, ila si ushahidi wa mazungumzo ya siku fulani. Kinaeleza vile Wagiriama walivyoelewa chanzo cha vita: kuchukuliwa kwa vijana wao, na mama kuwa wa kwanza kukataa. Anayefanya kazi hii vizuri huandika yote mawili, na humwambia msomaji lipi ni lipi.

Linalonisumbua zaidi ni majina ya wasimulizi. Nchini Kenya tuna mfano wa kuigwa: kitabu cha mwaka 1989 kuhusu wanawake wa Mutira, Kirinyaga, ambacho Jean Davison alikitoa kwa jina lake na la wanawake wa Mutira kama waandishi wenza. Pwani pia, mwaka 2003, makala kuhusu wizi wa vigango, sanamu za mbao za ukumbusho wa wafu, ilibeba jina la John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya kando ya Udvardy na Linda Giles. Hiyo ndiyo haki. Lakini Kilifi ni kaunti ambako wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na Kaya Godoma, huko Ganze, pana kituo cha kuwahifadhi waliokimbia. Ukimwandika nyanya kwa jina kamili na kijiji chake kama mjuzi wa viapo na vyungu, unaweza kuwa umempa sifa, na unaweza kuwa umemwelekezea panga. Uamuzi huo haufai kufanywa chuoni. Ni wake, pamoja na watu wa nyumbani kwake, nao waulizwe mara mbili: kabla ya kurekodi na kabla ya kuchapa.

La mwisho ni lugha ya marejesho. Sarah Mirza na Margaret Strobel walitoa masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa kwa Kiingereza mwaka 1989, wakayatoa kwa Kiswahili mwaka 1991, ili wanawake wa mji ule waweze kusomewa maneno yao wenyewe na wajukuu zao. Hiyo ndiyo kanuni ninayoipimia kazi yoyote ya namna hii. Mengi ya Brantley na Udvardy bado yamo katika Kiingereza cha vyuo vikuu, na vyuo vya pwani vina wahitimu wanaojua Kigiriama, Kiswahili na Kiingereza. Wapewe kazi hiyo, na walipwe.

Wasichana waliowaona mama zao wakila Mukushekushe mwaka 1913 wamekwisha kufa. Wajukuu zao wako hai, na umri umekwenda. Kama nyanya yako ni wa Ganze, Kaloleni au Magarini, muulize mama yake aliitwa Me nani, na kabla ya kuzaa aliitwa nani. Andika majina yote mawili.