Mamba, Nyara na Machozi: Uhakiki wa Lugha ya Uhifadhi

Kila kazi ya taifa ina lugha yake, na mara nyingi lugha hiyo humfunua mwenye kazi kuliko hesabu anazozitangaza. Katika makala haya hatukusudii kuhesabu tembo wala kuzisifu mbuga. Twakusudia kuyahakiki maneno ambayo dola imeyatumia, tangu enzi ya mkoloni hadi leo, kuwaeleza wananchi habari za wanyamapori. Mahali pa kuyapimia maneno hayo tumepachagua Ilagala, katika wilaya ya Uvinza, kusini ya Ujiji, karibu na pale Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika.

Tumepachagua kwa sababu si mbuga. Kaskazini ya mji wa Kigoma iko Gombe, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Kusini kabisa iko Mahale, iliyopata hadhi hiyo mwaka 1985. Dunia nzima inazijua hizo mbili kwa ajili ya sokwe wake. Ilagala iko katikati, wala hapana mgeni anayeifuata kwa ajili ya kutazama wanyama. Hata hivyo mto wake una mamba na viboko, na watu wanauvuka, wanavua na kulima kandokando yake. Lugha ya uhifadhi ikiwa ni ya kweli, haina budi kuwa na maana hapo pia.

Tuanze na andiko lililo msingi wa yote, yaani Ilani ya Arusha ya Septemba 1961. Ilitolewa katika mkutano wa kimataifa juu ya hifadhi ya mali ya asili, miezi mitatu tu kabla ya Uhuru, ikatiwa sahihi na Mwalimu Julius Nyerere pamoja na Chifu Abdallah Fundikira na Tewa Saidi Tewa. Ilani yasema kwamba wanyama si wa kustaajabiwa tu, bali ni sehemu ya utajiri wa nchi na ya maisha ya baadaye. Yaahidi kuwalinda kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kisha yaomba mataifa mengine yasaidie kwa wataalamu na fedha. Ni andiko fupi, lenye heshima, na taifa limejitahidi kulitimiza: chuo cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963, na hifadhi zimeongezeka mara nyingi kuliko zilivyokuwa siku ile bendera ilipopandishwa.

Lakini mhakiki hana budi kuuliza: ni nani anayesemeshwa? Ilani yamsemesha mgeni mwenye fedha, na yamtaja mjukuu atakayezaliwa. Aliye katikati yao, yaani mkulima ambaye kiboko analala karibu na shamba lake, hatajwi. Mwalimu mwenyewe amenukuliwa mara nyingi akisema kwamba yeye binafsi hapendi kutumia likizo yake kwa kutazama mamba, ila anaunga mkono kuhifadhiwa kwao kwa kuwa wageni wapenda kuwaona, na fedha yao yalifaa taifa. Usemi huo ulikuwa wa kweli na wa uwazi. Tatizo ni kwamba mtu wa Malagarasi humtazama mamba siku zote, si wakati wa likizo. Naye humtazama ili arudi nyumbani salama na ndoo yake. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika jambo hili mgeni amekuja. Yafaa tuulize kama mwenyeji amepona.

Sasa tuyaangalie maneno yenyewe. La kwanza ni nyara. Mahakamani na magazetini, pembe, ngozi au jino la mnyama huitwa "nyara za serikali". Kila ajuaye Kiswahili anafahamu kwamba nyara ni mali iliyotekwa vitani. Neno hili lilifasiri lugha ya sheria za Kiingereza, ambazo ziliandikwa katika zama za wawindaji wa kizungu waliotundika vichwa vya wanyama ukutani. Sheria ya kwanza ya uwindaji kwa koloni zima ilitolewa na gavana Hermann von Wissmann mwaka 1896, na Waingereza wakaifuata na zao. Ujiji, uliokuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe katika karne ya 19, wajua vema maana ya nyara. Je, taifa huru limemteka nani hata liite urithi wake nyara?

La pili ni ujangili. Jangili ni mtu mwovu, na hapana shaka kwamba wako wanaostahili jina hilo. Katika Selous tembo walikuwa zaidi ya 100,000 katika hesabu ya mwaka 1976. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000. Walioyatenda hayo walikuwa na bunduki, magari na masoko ng'ambo. Lakini neno hilo hilo humwangukia anayetega kamba ili apate mboga, na upo hata msemo "ujangili wa kitoweo". Kosa ni kosa, lakini lugha isiyotofautisha mwizi wa pembe na mwenye njaa haiwezi kuwafundisha watu haki. Wananchi nao wana lugha yao: husema "shamba la bibi", yaani mali isiyo na mlinzi, ambayo kila mwenye nguvu hujichumia.

Tazama pia majina ya mapambano. Mwaka 1989 taifa liliendesha Operesheni Uhai, na mwaka 2013 Operesheni Tokomeza. Kutoka uhai hadi kutokomeza ni safari ndefu ya moyo. Ile ya pili ilisimamishwa mwaka huo huo baada ya malalamiko ya mateso na vifo vya raia kufika Bungeni, na mawaziri wanne wakaacha nyadhifa zao. Hatusemi kwamba jina lilizaa maovu. Twasema kwamba jina lilikwisha kuwaonyesha watendaji mahali pa kuukazia moyo.

Neno la tatu ndilo linaloigusa Ilagala zaidi: kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo kwa mtu aliyedhuriwa na mnyama hatari. Kwa aliyeuawa, jamaa zake walipangiwa shilingi 1,000,000. Serikali ilieleza kwamba hiyo si fidia. Hapa ndipo penye fundo la makala haya. Fidia hukiri deni; kifuta machozi hukiri huzuni tu. Basi linganisha maneno hayo mawili. Jino la kiboko likikutwa nyumbani mwa mtu, kiboko alikuwa mali ya serikali. Kiboko yule yule akimuua mvuvi, serikali huja kama jirani wa kuhani msiba. Umiliki unaodai haki bila kubeba wajibu, wazee wetu wasingeuita umiliki.

Atajibu mtu kwamba mnyama wa mwitu hachungwi kama ng'ombe, na kwamba hazina haitoshi kulipa kila hasara. Ni kweli. Lakini ukweli huo wataka visima na mabomba yatakayowaondoa akina mama mtoni, na uzio penye vituo vya kutekea maji. Wala hauhalalishi kuzificha lawama nyuma ya neno la upole.

Hata hivyo lugha yetu haikosi maneno mema. Tazama neno sokwe mtu: mnyama huyu amepewa utu ndani ya jina lake, na Watongwe wa Mahale hawakuwa na desturi ya kumwinda kabla ya mtafiti yeyote kufika. Tena, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika zilifunga uvuvi, na huku kwetu jambo hilo liliitwa kupumzisha ziwa. Neno hilo wavuvi walilielewa, kwa maana wao wenyewe hupumzisha nyavu zao usiku wa mbalamwezi, taa zisipovuta dagaa. Miezi mitatu ni mirefu kuliko mbalamwezi, na chungu hakipumziki. Lakini angalau amri ilinenwa kwa lugha ya maisha yao.

Walimu wanaoongoza vikundi vya Malihai, vilivyoanza shuleni mwaka 1980, wanayo kazi hapa. Pamoja na kuwafundisha wanafunzi idadi na majina ya hifadhi, wawatume kwa wazee wakusanye majina ya wanyama, miiko na desturi za mto, na wayaweke kando ya maneno ya sheria ili walinganishe. Uhifadhi utakuwa utamaduni wa taifa siku mwenyeji wa Malagarasi atakapoweza kusema "mamba wetu" bila kejeli, na serikali itakaposema "mamba wetu" hata siku ya msiba.