Jicho la Jarife

Pale Bagamoyo, jirani na soko la samaki, yuko mzee ambaye mimi humwendea kama wengine waendavyo kwa mhubiri. Hasemi mengi. Huketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ukingo wa jarife, ule wavu wa papa, kaubana kwa kidole gumba cha mguu, sindano ya mti mkononi. Kwanza hukata. Hilo lilinishangaza siku ya kwanza: tundu dogo alilipanua kwa kisu mpaka akafika kwenye uzi mzima, ndipo akafunga fundo. Ukifunga penye uzi uliooza, mwanangu, aliniambia, umejidanganya mwenyewe, papa hadanganyiki. Jicho likishazibwa hulipima kwa vidole viwili, na lisipolingana na majirani zake hulifumua. Nimemwona akifumua jicho moja mara tatu, adhuhuri, jua la utosi, bila kunung'unika.

Mzee ni Mwislamu, na angecheka akijua kwamba jarife lake ndilo lililonifungulia Waefeso. Maana katika Mathayo 4:21, wana wa Zebedayo wanapotengeneza nyavu, kitenzi cha Kiyunani ni katartizo; na humo ndimo linamotoka neno la Waefeso 4:12, kukamilishwa kwa watakatifu. Kimo tena katika Wagalatia 6:1, penye kumrejesha aliyeanguka. Mkamilifu, basi, anaweza kuwa aliyechanika, akazibwa, akarudi majini pamoja na macho mengine. Gregori wa Nisa, karne ya 4, aliuona ukamilifu kuwa mwendo usio na kikomo. John Wesley, katika kitabu chake cha 1766, aliuona kuwa upendo uliojaa moyoni, wala hakudai kwamba mkamilifu hakosei.

Siku hizi wavu wa plastiki ukichanika hutupwa, ukasombwa na maji hadi miambani. Na makanisani mwetu? Binti akipata mimba huondolewa kwaya, akaketishwa benchi la nyuma. Mlevi husemwa madhabahuni hadi akome kuja. Kukata tunajua sana. Sindano tumeiweka wapi?

Wanawe mzee wako Dar es Salaam, wanaendesha bodaboda. Zebedayo alipoachwa na wanawe chomboni, Marko anasema, alibaki na watu wa mshahara. Mzee wangu hana hata hao.