Rafu na Adhabu Yake

Sheria ya 9 katika kitabu cha sheria za mchezo wa raga inahusu rafu, nayo ni kurasa chache tu. Niliipata kwa mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni wakala wa forodha pale Tunduma. Kwa kukaa na madereva wa malori kutoka Afrika Kusini wanaosubiri mizigo yao iruhusiwe kuvuka, ameambukizwa mapenzi ya mchezo ambao hapa Vwawa hata watoto hawauchezi. Alinichapishia kurasa hizo, akaniletea nyumbani, akasema, “Shikamoo mwalimu. Wewe ulikuwa mtu wa nidhamu, hebu soma hii.” Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotarajia, na tangu hapo, mpira huo ukionyeshwa kwenye king'amuzi, hutazama zaidi hukumu kuliko magoli.

Msomaji asiyeujua mchezo huu anivumilie kidogo. Katika soka kumwangusha mwenzako ni kosa. Katika raga ndiyo kazi yenyewe. Mwenye mpira hukamatwa kwa mikono na kuangushwa chini, na anayeangusha hupongezwa. Majirani zetu Wakenya wameufikisha mbali: mashindano yao ya Safari Sevens yalianza mwaka 1996, na mwaka 2016 huko Singapore timu yao ya wachezaji saba iliwafunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali. Hapa kwetu huchezwa zaidi Arusha na Dar es Salaam. Basi, mahali ambapo nguvu imehalalishwa, mtunga sheria ana kazi ngumu. Hawezi kusema tu “usimuumize mwenzako”, kwa sababu maumivu yamo ndani ya mchezo. Inambidi aseme ni pigo lipi linaruhusiwa na lipi haliruhusiwi, na aseme kwa maneno ambayo mwamuzi anayekimbia na kuhema anaweza kuyatumia palepale.

Kilichonivutia ni jinsi vifungu viwili vya sheria hiyo vilivyoandikwa. Kimoja kinakataza kumkaba mtu juu ya usawa wa mabega, hata kama mkabaji alianzia chini. Kingine kinakataza kumnyanyua mtu kutoka ardhini na kumwachia au kumsukuma ili kichwa au kiwiliwili cha juu kigonge chini. Tazama, msomaji, kisichokuwamo. Hakuna neno juu ya moyo wa mtendaji. Haiulizwi kama alikusudia, kama alikuwa na hasira, kama ni kijana mwema anayekwenda kanisani. Kinachotazamwa ni mwili wa yule mwingine: ulishikwa wapi, ulitua vipi.

Haikuwa hivyo siku zote uwanjani. Tarehe 25 Juni 2005, mjini Christchurch, New Zealand, mechi ikiwa haijamaliza hata dakika mbili, Brian O'Driscoll, nahodha wa British and Irish Lions, alinyanyuliwa na Tana Umaga na Keven Mealamu wa New Zealand, akageuzwa na kutupwa chini. Bega lake lilitoka mahali pake na ziara yake ikaishia hapo. Afisa mwenye jukumu la kupeleka mashtaka hakuwashtaki wawili hao kwa tendo hilo. Miaka yote iliyofuata watu walibishana juu ya swali moja: walikusudia, au hawakukusudia?

Miaka sita baadaye, tarehe 15 Oktoba 2011, ikawa nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Auckland, Wales dhidi ya Ufaransa. Nahodha wa Wales, Sam Warburton, kijana wa miaka 23 mwenye sifa ya adabu, alimkaba Vincent Clerc, akamnyanyua, miguu ikapita juu ya kichwa, kisha akamwachia. Dakika ya 20 haijafika, mwamuzi Alain Rolland akatoa kadi nyekundu. Wales walicheza pungufu muda wote uliobaki wakafungwa 9 kwa 8, na Warburton akafungiwa wiki tatu. Clerc hakuvunjika kitu. Wiki iliyofuata alicheza fainali. Watu wa Wales walilia kwamba mtoto wao hakuwa na nia mbaya. Naamini hakuwa nayo. Hata hivyo Rolland aliisoma sheria kama ilivyoandikwa, na kwa maoni yangu hukumu ile ni miongoni mwa hukumu bora nilizopata kuziona katika mchezo wowote. Aliadhibu hatari yenyewe, bila kungoja shingo ivunjike ndipo ajue kwamba ilikuwa hatari.

Mimi nilisoma chuo cha ualimu nikaishia kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, kwa hiyo swali la kusudio nalijua kwa sura yake ya darasani. Mtoto amemsukuma mwenzake ngazini. Unamwita, unamuuliza. “Bahati mbaya, mwalimu.” Katika miaka yangu yote ya kazi sikupata kumsikia mtoto hata mmoja akijibu, “Ndiyo, nilikusudia.” Ukiifanya adhabu itegemee jibu hilo, umewapa ushindi wale wenye ulimi mwepesi, na aliyeanguka ngazini anabaki amekaa kando na damu yake, hakuna anayemuuliza lolote.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziliweka ukomo wa viboko vinne, zikataka atoe mwalimu mkuu mwenyewe au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Sitaki kuingia hapa katika ubishi wa kiboko chenyewe. Unastahili insha yake. Nasema juu ya kitabu. Mtu akitaka kuujua moyo wa shule asome safu ya “kosa” katika kitabu cha adhabu. Katika vitabu nilivyopata kuvikagua nilikuta neno moja moja: jeuri, dharau, kiburi, ukaidi. Yote ni maneno juu ya moyo wa mtoto, au niseme kweli, juu ya hisia za mwalimu alipokuwa amesimama mbele ya mtoto huyo. Mara chache sana ungekuta: “Alimrusha mwenzake jiwe, likampata karibu na jicho.” Nilipokuwa na mamlaka hayo niliwarudishia walimu kitabu waandike upya, waseme nani alifanyiwa nini. Walininung'unikia. Mmoja aliniambia kwamba mwenye kuumizwa si kazi ya kitabu hicho. Nadhani alikuwa amesema jambo kubwa kuliko alivyojua.

Maana hata raga, iliyoandika vifungu vizuri hivyo, hujikwaa inapofika kwenye kipimo. Jopo la nidhamu likishaona kosa limetendeka, huliweka katika daraja la chini, la kati au la juu, na kila daraja lina idadi yake ya wiki za kufungiwa. Kisha huangalia kumbukumbu za mchezaji, umri wake na kama amekiri, na huweza kumpunguzia hadi nusu. Mpangilio huu naukubali. Ndivyo hata hakimu wetu afanyavyo, kwanza hatia, halafu maombi ya kupunguziwa. Lakini tazama namba katika jedwali lao. Ukabaji wa hatari huanzia wiki mbili kwa daraja la chini na sita kwa daraja la kati, ambako ndiko huwekwa tendo lililogusa kichwa. Kumshika mwenzako sehemu za siri huanzia wiki kumi na mbili. Ndiyo maana Joe Marler wa Uingereza, aliyemfanyia hivyo Alun Wyn Jones wa Wales mwezi Machi 2020 mbele ya kamera, alifungiwa wiki kumi. Jones aliendelea na mchezo.

Wala si wao tu. Mwaka huohuo ambao Vwawa ilikuwa bado chini ya Mkoa wa Mbeya kabla ya Songwe kuzaliwa, yaani 2015, nahodha wa Mbeya City, Juma Nyosso, alifungiwa miaka miwili na kutozwa faini ya shilingi milioni mbili kwa tendo la kumdhalilisha mwilini John Bocco wa Azam. Heshima ya msomaji hainiruhusu kulieleza zaidi. Waliokuwapo wanalikumbuka, na haikuwa mara yake ya kwanza. Simtetei. Utu wa mtu ni mali yake, na anayeuchezea uwanjani astahili kuadhibiwa. Ninachouliza ni hiki: ni nani amepata kusikia hapa kwetu mchezaji akifungiwa miaka miwili kwa kuvunja mguu wa mwenzake?

Nilishuhudia kwa macho yangu, katika mashindano ya shule ya miaka mingi iliyopita, mtoto akivunjwa mguu kwa teke lililokuja mpira ukiwa umeshapita. Kamati ilikaa. Aliyemtukana mwamuzi siku hiyo aliondolewa mashindanoni. Aliyevunja mguu aliachwa, kwa maelezo kwamba “ndiyo mpira ulivyo”. Kikao chote kilikwisha kwa muda wa kunywa chai, na sitaitaja kamati hiyo kwa sababu wengi wao ni marehemu. Aibu hutugusa sisi watazamaji, ndiyo sababu tunaiadhibu kwa ukali. Mguu uliovunjika ni wa mwenyewe peke yake.

Nirudi kwenye raga, kwa kuwa kuna kesi inayofaa kusomwa kama fasihi. Tarehe 12 Agosti 2023, mjini London, Owen Farrell wa Uingereza alimpiga Taine Basham wa Wales bega la kichwa. Alipewa kadi ya njano, na maafisa waliopitia picha pembeni wakaibadili kuwa nyekundu. Siku chache baadaye jopo huru likaifuta. Sababu yao ilikuwa kwamba mchezaji mwingine wa Uingereza, Jamie George, aligusana na Basham dakika ileile ya mwisho na kubadili mwendo wake, kwa hiyo Farrell alistahili kupunguziwa. Chama cha dunia, World Rugby, kikakata rufaa dhidi ya uamuzi huo, jambo ambalo si la kila siku. Jopo la rufaa likauliza swali ambalo jopo la kwanza halikuwa limelipa uzito: Je, Farrell alijaribu hata kidogo kumkumbatia kwa mikono, kama sheria inavyotaka? Hakujaribu. Basi tendo lilikuwa haramu tangu mwanzo, na aliyeanza na haramu hawezi kujitetea kwa hali ya mwisho. Akafungiwa mechi nne.

Jopo la kwanza lilisoma mwendo wa Basham. La pili likasoma mikono ya Farrell. Picha ni ileile. Nilipowaeleza wastaafu wenzangu habari hii walisema huo ni uthibitisho kwamba sheria ni mpira wa kitambaa, kila mtu huukunja atakavyo. Mimi sikubaliani nao. Kusoma kwa pili kulikuwa bora kwa sababu kulirudi kwenye kile ambacho mkabaji alikuwa na uwezo nacho. Huwezi kuuamuru mwili wa mwenzako ukae sawa. Mikono yako unaweza kuiamuru.

Lakini hapa ndipo ninapokosana nao. Tangu mwaka 2021 World Rugby wana mpango ambao mchezaji aliyefungiwa kwa kukaba vibaya akikubali kufundishwa upya namna ya kukaba, hupunguziwa mechi moja. Mwalimu gani hatafurahi? Adhabu inayofundisha! Mimi nilifurahi mpaka nilipojua kwamba Farrell alikuwa amekwishapitia mafunzo hayo Januari 2023, akapunguziwa mechi, miezi saba kabla ya kumpiga Basham. Mafunzo yaliyopewa bei ya mechi moja huacha kuwa mafunzo, huwa malipo. Mwanafunzi anayefyeka nyasi ili asamehewe viboko hafikirii nyasi.

Halafu imekuja kadi nyekundu ya dakika ishirini. Mkosaji anatoka asirudi, lakini baada ya dakika ishirini timu yake huruhusiwa kuingiza mwingine mahali pake. Ilitumika katika mashindano ya Mataifa Sita ya mwaka 2025, ingawa Ufaransa na Ireland walikuwa wameipinga. Wanaoitetea husema mtazamaji aliyelipa kiingilio hastahili kuona mechi ikiharibika. Fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2023 ndiyo mfano wao: Sam Cane, nahodha wa New Zealand, alitolewa kwa kadi nyekundu, wa kwanza katika fainali ya wanaume, na timu yake ikafungwa na Afrika Kusini 12 kwa 11. Tunarudi palepale kwa mtazamaji na hisia zake, kama ile kamati yetu ya chai.

Steve Thompson alikuwamo katika kikosi cha Uingereza kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 2003. Mwezi Desemba 2020, akiwa na miaka 42, alitangaza kwamba madaktari wamemkuta na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kwamba hakumbuki kabisa kulishinda kombe lile. Yeye na wenzake wakakishtaki chama. Kichwa chake hakikuharibiwa na rafu moja ambayo mtu angeweza kuionyesha kidole. Ni mapigo mengi, halali na haramu, miaka nenda rudi.

Na Basham? Siku ile ya Agosti alitolewa nje kuchunguzwa kichwa, na hakurudi uwanjani.