Sumu bila Nyoka

Katika sinema fupi ya Wes Anderson, Poison (2023), iliyotoka katika hadithi ya Roald Dahl, Harry Pope, Mwingereza huko Uhindi, amelala bila kutikisika: asema nyoka yu juu ya tumbo lake. Ganderbai, mganga Mhindi, aja usiku, ampiga sindano, amwaga klorofomu polepole chini ya shuka. Nyoka hakuna! Ndipo Pope amtukana vibaya kwa ajili ya taifa lake.

Waigizaji wasema mbiombio wakitutazama sisi. Mwanzoni mchezo huo ulinichosha. Lakini tusi lilipotoka, niliona faida yake: hatuna pa kujificha. Ben Kingsley, aliye mganga, harudishi tusi. Woods, rafiki, amsindikiza akimshukuru. Pope hashukuru.