Kabla Tagi Halijakaza Kamba

Kwa barabara, kutoka Govan, jijini Glasgow, hadi Rosyth upande wa mashariki wa Uskoti hazifiki kilomita 80. Agosti 2011, kipande kimoja cha tumbo la manowari ya kubeba ndege, HMS Queen Elizabeth, chenye uzito wa zaidi ya tani 8,000, kililazimika kwenda maili 600. Kilishuka Mto Clyde juu ya tishari, kikazunguka kaskazini ya Uskoti na kuingia ghuba ya Forth. Jengo la chuma la kimo cha zaidi ya mita 20 likikokotwa baharini lazima watu walitazame. Lakini wanachokiona ni sehemu nyepesi ya kazi. Ile ngumu huwa imeshapita gatini.

Meli hiyo ya tani 65,000 ilijengwa kwa vipande katika karakana sita za Uingereza, ikaunganishwa Rosyth, penye chelezo cha kuitosha na kreni ya kunyanyua tani 1,000. Kwetu wazo hilo si geni: meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kuletwa Dar es Salaam kwenye masanduku yapatayo 5,000, kisha ikapanda reli hadi Kigoma. Ila Liemba ilikuja imefumuliwa. Kipande cha Govan kilitoka kikiwa kizima, na kitu kizima hakikunjiki.

Hakikunyanyuliwa kwa kreni. Matrela mafupi ya kujiendesha, yenye magurudumu kwa mamia, yaliingia uvunguni mwake, yakajiinua kwa haidroliki na kukibeba taratibu hadi juu ya tishari. Katika kazi ya namna hii, hapa ndipo roho huwa juu. Kila ekseli inayovuka ukingo wa gati hulemeza tishari upande huo. Sitaha ikishuka chini ya gati kupita kiasi, mzigo mwingi hukimbilia magurudumu machache. Kwa hiyo pampu huhamisha maji katika matangi ya tishari kadiri mzigo unavyoingia, na kazi hupangwa ianze maji yakijaa, kwa sababu bahari inayopanda hulisaidia tishari kubeba. Maji yakianza kupwa mzigo ukiwa nusu kwa nusu, pampu hukabili uzito na bahari kwa pamoja. Ndiyo maana mwenye amri siku hiyo ni jedwali la maji kujaa na kupwa.

Mzigo ukishatulia, mafundi huchomelea vizuizi vya chuma kati yake na sitaha. Kitu kirefu namna hiyo tishari likiyumba husukuma upande kwa nguvu ya kutisha, na msuguano peke yake hautoshi. Nikipewa nafasi ya kukagua kitu kimoja tu, nitakagua mishono hiyo.

Kisha kamba. Minyororo miwili hutoka pembe mbili za mbele za tishari, hukutana kama herufi V, na hapo hufungwa waya mzito wa tagi, yaani meli inayolikokota. Waya huachwa mrefu makusudi: uzito wake huuzamisha katikati, na wimbi likivuta ghafla, ule mlegeo hunyooka kwanza kabla mshtuko haujafika kwenye minyororo. Karibu na nchi kavu hufupishwa usije ukaburuza chini, na kinga hiyo hupungua palepale penye miamba.

Gharama ya kamba kukatika ilionekana Oregon, Marekani, mwaka 1999. Meli New Carissa ilipanda ufukweni karibu na Coos Bay tarehe 4 Februari, ikakatika vipande viwili. Sehemu ya omo ikavutwa kuelekea bahari kuu mwanzoni mwa Machi. Dhoruba ikaja, kamba ikakatika, na omo likarudi kukwama Waldport, kaskazini zaidi. Ilibidi linasuliwe tena, likokotwe mbali, na mwishowe lizamishwe kwa mizinga na torpedo ya jeshi la majini.

Kwa hofu hiyo, tishari lisilo na watu huandaliwa kamba ya pili, iliyofungwa tayari sitahani, na ncha yake huachwa ielee nyuma ikiwa na boya. Ya kwanza ikikatika, tagi huzunguka, huokota boya na kuvuta upya bila mtu kurukia tishari kwenye mawimbi. Bila boya hilo majini, mimi nisingeruhusu tishari litoke bandarini.