Mfuniko wa Tangi

Nchini Uingereza mtu anaruhusiwa kujiundia gari gerejini kwake kwa vipuri alivyonunua, kisha akaingia nalo barabarani. Lakini kwanza gari hilo lipite ukaguzi uitwao IVA, ulioanza mwaka 2009 kuchukua nafasi ya ukaguzi wa zamani ulioitwa SVA. Fundi niliyemtazama alikuwa akiunda gari la wazi la viti viwili, kwa mtindo wa Lotus Seven aliyoibuni Colin Chapman mwaka 1957. Injini ilishafungwa. Siku hiyo kazi ilikuwa mfuniko wa tangi, basi.

Alianza na tundu. Bodi ya nyuma ni ya fiberglasi, nayo huchanika ukiiharakisha. Akabandika utepe wa karatasi, akachora duara, akatoboa vitundu vidogo ndani ya mstari, akamalizia kwa tupa ya mviringo, akiisukuma kuelekea ndani tu ili ganda la rangi lisiinuke. Kola ya alumini ikaingia kwa kukazana kidogo. Chini yake akavika mpira wa petroli unaoshuka tangini, akaukaza kwa klipu, kisha akamulika tochi kuhakikisha kwamba tone likivuja halitaangukia ekzosi.

Ukaguzi hautaki mfuniko unaoweza kusahaulika kituo cha mafuta. Sisi tuliozoea kuona tangi la pikipiki likizibwa kwa kitambaa huenda tukacheka, ila petroli inayomwagika kwenye kona haina mzaha. Mfuniko uwe na bawaba, au ufunguo usiochomoka mpaka ufungwe, au ufungiwe kwenye gari lenyewe. Yeye alichagua waya.

Hapo ndipo nilipoona subira. Waya mwembamba usioshika kutu aliukunja kitanzi, akaubana kwa koleo, akauvuta kwa nguvu zote. Ncha moja aliifunga chini ya mfuniko kwa skrubu inayoruhusu kuzunguka, waya usijisokote. Ya pili akaifunga ndani ya shingo ya bomba, chini ya pale mpira wa kuzibia unapokaa. Ukizidi urefu, waya hunaswa chini ya mpira na petroli ikavuja. Ukipungua, mdomo wa pampu hauingii. Waya wa kwanza aliutupa, wa pili pia, bila kunung'unika.

Kisha akapaka chaki kwenye ukingo wa kola, akafunga, akafungua. Kwenye mpira alama ilikatika upande mmoja. Akasugua kola kwa msasa laini, akarudia, akasugua tena, hadi duara likatimia.

Mwisho ulikuwa wenzo wa kufungulia. Kwa kawaida, ukingo wa nje unaoweza kuguswa na tufe la milimita 100 hutakiwa kuviringwa kwa nusukipenyo kisichopungua milimita 2.5. Aliubana wenzo kwenye jiliwa lenye ngozi, akapitisha tupa, kisha msasa, kila mara akiweka kipimo na kuutazama dhidi ya mwanga. Mimi sikuona tofauti. Kidole gumba chake kiliihisi.

Nawe ukinunua mfuniko wa ufunguo kwa ajili ya ukaguzi huo, ujaribu kabla ya kulipa: ufunguo ukichomoka mfuniko ukiwa haujafungwa, urudishe kwa muuzaji.