Kivinjari na "Injini ya Utafutaji"

Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, istilahi za programu zimeongezeka, ila ubora wake haulingani. "Kivinjari" twaisifu: imetokana na kitenzi vinjari, yaani kuzunguka huku na huko kwa kuchunguza, na hiyo ndiyo kazi yake katika wavuti. "Injini ya utafutaji" haituridhishi hata kidogo. Pale Boko injini ni ya daladala au ya boti ya mvuvi. Mwalimu akiitumia darasani itambidi kwanza aondoe moshi. Sisi tungependelea "kitafutio", lililoundwa sawasawa na kifutio, neno ambalo kila mwanafunzi analo mkobani. Wafasiri wa vitabu vya shule walijaribu.